Shamba dogo, kichupa kidogo: Somo la Nyirangarama kwa warithi wa ardhi

MSAFIRI anayepanda basi Nyabugogo, stendi kuu ya Kigali, kwenda Musanze au Rubavu, anajua fika kuwa njiani atasimama Nyirangarama, wilayani Rulindo. Hapo abiria hushuka kujinyoosha. Wapo wanaonunua mishikaki na viazi vya kuchoma, wengine juisi ya matunda, na wengi huondoka na kichupa cha mafuta ya pilipili kiitwacho Akabanga. Kwa Kinyarwanda maana yake ni siri ndogo. Kichupa chenyewe ni cha kudondoshea, kama cha dawa ya macho, na mwenye busara hazidishi matone mawili.

Mwenye siri hiyo ni Sina Gérard, mtoto wa wakulima wa huko huko Nyirangarama. Mwaka 1983 alianza kwa kuoka mikate na kuwauzia wapita njia. Kutoka mikate akaingia katika juisi ya pasheni, kisha pilipili, biskuti, divai na maji ya chupa. Kampuni yake aliiita Urwibutso, yaani kumbukumbu. Wakulima wa vilima vya jirani aliwapa mbegu na ushauri, wakavuna, naye akanunua mavuno yao. Baadaye alifungua hata shule.

Wengi humtazama mtu huyu kama tajiri mwenye bahati. Mimi, kama mwalimu, namtazama kama jibu la swali linalozisumbua familia nyingi za Rwanda: shamba la urithi likishakuwa dogo, linaokolewaje?

Nyanya ina haraka

Kuelewa jibu lake, fika soko la Nyabugogo alfajiri. Malori na baiskeli huteremsha nyanya, kabichi, ndizi na karoti kutoka kila upande wa nchi, kwa kuwa barabara za kaskazini na kusini hukutana pale. Mkulima aliyelala njiani na matenga yake hana nguvu ya kubishana. Mnunuzi anaweza kusubiri, lakini nyanya haiwezi. Jua likishapanda, bei inashuka pamoja na jasho.

Agosti 2020, wakati wa korona, soko la pale lilipofungwa, aliyekuwa na mzigo mbichi mkononi aliona wazi maana ya kutegemea mlango mmoja.

Kichupa cha pilipili hakina haraka hiyo. Hukaa rafuni kikimsubiri mteja, na leo kinauzwa hata nje ya nchi. Pilipili iliyoko ndani ni ile ile aliyochuma mkulima wa kilimani. Kilichobadilika ni kwamba mwenye mali sasa anaweza kusema: bei hiyo hapana, rudi kesho.

Hekta moja, warithi watano

Rwanda ina kilomita za mraba 26,338, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13. Kwa wastani kaya ya mkulima ina ardhi isiyofika hekta moja. Sheria ya urithi ya mwaka 1999 iliwapa watoto wa kike haki sawa na wa kiume, jambo la haki lililochelewa mno. Lakini haki haikuongeza udongo. Sheria ya ardhi ya mwaka 2013 ilikataza kugawa shamba la kilimo ikiwa vipande vitakuwa chini ya hekta moja, hadi ilipofutwa na sheria mpya ya mwaka 2021. Katikati ya miaka hiyo watu waliendelea kugawana kimyakimya, kwa kamba na mti wa mpaka.

Serikali nayo ilikuja na mpango wa mwaka 2007 wa kuunganisha mashamba na kulima zao moja: mahindi, ngano, mpunga, viazi, maharage au mihogo. Mavuno yaliongezeka, hilo halina ubishi. Ila aliyetaka kupanda kitu nje ya orodha alionekana mkaidi.

Mkaidi wa kwetu

Nasema haya nikiwa na mfano nyumbani. Mimi nilizaliwa ukimbizini Tanzania, nikasoma huko. Shuleni tulilima shamba la shule kwa jina la elimu ya kujitegemea, na aliyechelewa namba alipewa ngwe ya ziada. Hivyo tulikua tukijua kuwa jembe ni adhabu na kalamu ni zawadi. Sijashangaa kwamba watoto wanne kati ya watano wa baba yangu tulikimbilia mishahara.

Tuliporudi, shamba la babu halikudaiwa. Makubaliano ya Arusha ya mwaka 1993 yalishauri kuwa aliyekaa nje zaidi ya miaka kumi asidai mali inayokaliwa na wengine. Kisha Desemba 1996 wakimbizi wengine walirejea kwa maelfu kutoka Tanzania, na huko Kibungo familia zikagawana mashamba nusu kwa nusu. Baba alipata nusu ya shamba, jirani nusu. Haikuwa rahisi kwa upande wowote. Miaka ya mwanzo salamu zilikuwa fupi.

Baba alipofariki, sisi wakubwa tulitaka kuuza na kugawana fedha. Kitinda mimba wetu, msichana aliyemaliza sekondari akarudi kijijini, akakataa. "Kaka," aliniambia, "likigawanywa mara tano halitakuwa shamba tena, litakuwa viwanja." Aling'oa nusu ya migomba ya marehemu, akapanda pilipili na pasheni. Wazee walisema analaani kaburi la baba yake.

Msimu wa kwanza alipeleka pilipili mbichi Nyabugogo, akarudi na fedha zisizofika nauli na gharama za kuvuna. Wa pili akaanza kukausha. Anayekausha naye kwenye turubai moja ni binti wa jirani yule wa nusu ya pili, kwa sababu shamba moja peke yake halijazi hata gunia la maana. Kikao cha familia kimempa misimu minne. Zimebaki miwili, na ndugu yetu mmoja bado ana mnunuzi wake mfukoni.

Siwezi kusema atashinda. Nyirangarama ina lami mlangoni, kwetu lami iko mbali. Kusindika kunataka maji safi, vifungashio na alama ya Shirika la Viwango, na mambo hayo hayanunuliwi kwa ukaidi. Aidha, wakulima wanaomuuzia mnunuzi mmoja wanaweza kuwa mateka wake kama walivyokuwa mateka wa soko. Ndiyo maana nawashauri vijana waungane katika ushirika kabla ya kununua hata mashine moja ya kusaga.

Lakini kabla ya kuita mnunuzi wa kiwanja, familia zijiulize jambo moja: ni nini kinachotoka shambani kwetu ambacho kinaweza kusubiri mpaka kesho? Wenye jibu wana sababu ya kutogawana shamba.