Safari ya Idi wakati wa maradhi

Tarehe 21 Machi 2023, siku chache kabla ya Ramadhani, Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa maradhi ya Marburg yameingia mkoani Kagera. Waliokusudia kwenda kula Idi huko walikuwa na la kujiuliza: twende, au tubaki?

Ndugu Waislamu, swali hilo si geni. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) akielekea Sham, alifika Sargh akaambiwa kuna tauni mbele. Alishauriana na Muhajirina, Ansari na wazee wa Kikureshi, kisha akaamua kurejea Madina. Ndipo Abdurrahman bin Auf (R.A.) akawapasha aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): tauni ikiwa katika nchi, asiingie aliye nje, wala asitoke aliyemo kwa kuikimbia.

Makatazo hayo yana pande mbili. Virusi vya Marburg huweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla ya dalili kujitokeza. Basi aliyemgusa mgonjwa au maiti yake asipande basi kwenda kwa wazazi, hata akijiona mzima. Na aliye mbali, wataalamu wa afya wakimshauri asiende, asidhani amekata udugu: apige simu, atume matumizi, aombe dua. Nauli iliyopotea hupatikana tena. Roho ya mzazi hairudi.

Mlipuko ule, uliowapata watu 9 na kuua 6, ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023. Idi ilikuwa imepita, lakini kuunga udugu hakuna msimu.

Wabillahi tawfiq.