Maji na Ulaini wa Machipukizi ya Mianzi

Takriban asilimia 90 ya chipukizi bichi la mwanzi ni maji. Likishatoka ardhini, seli zake hufyonza maji na kurefuka haraka, na mianzi mingine huongezeka zaidi ya sentimita 50 kwa siku. Maji yakipungua, ukuaji hudorora ilhali nyuzi zinaendelea kukomaa. Chipukizi huwa jembamba na gumu kutafuna hata likikatwa mapema. Wagisu wa Mlima Elgon, Uganda, huvuna machipukizi ya mianzi, wanayoyaita malewa, wakati wa mvua, kisha huyakausha kwa moshi na kuyapika kwa karanga. Katika Milima ya Virunga, sokwe wa milimani nao huifuata mianzi inapochipua kwa mvua.

Kwa wanaopanda mianzi jijini Kigali, Rwanda, kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kinachotia hasara, na hasara yenyewe huonekana baadaye. Macho ya machipukizi huanza kuumbika kwenye mashina ya chini ya ardhi miezi kadhaa kabla ya kuchomoza, kwa hiyo kungoja machipukizi yaonekane ndipo umwagilie ni kuchelewa. Inafaa kulowesha udongo hadi kwenye mizizi, kuuacha upumue, kisha kurudia. Maji yakituama, mashina hayo hukosa hewa na kuoza. Matandazo ya majani makavu hutunza unyevu na kukinga machipukizi dhidi ya jua linaloyazidishia uchungu. Hata hivyo, umwagiliaji mzuri hauondoi sumu ya sianidi iliyomo katika machipukizi mabichi ya aina nyingi. Lazima yachemshwe vizuri sufuria ikiwa wazi, na maji yake yamwagwe.

Katika bonde la Nyabugogo, swali zito zaidi ni maji yenyewe yanatoka wapi. Mto Nyabugogo huanzia Ziwa Muhazi, hupita jijini ukipokea mifereji kama Mpazi inayobeba taka za makazi na karakana, kisha huingia Nyabarongo. Watafiti wamekuta risasi, kadimiamu na kromiamu katika kinamasi chake. Tofauti na sianidi, metali hizo haziondoki kwa kuchemshwa, na mmea waweza kuzifyonza pamoja na maji. Kwa shamba la chakula, maji ya mvua yaliyovunwa ni salama zaidi kuliko maji ya mto huo. Mianzi ya kingoni ibaki na kazi inayoiweza vyema, ya kushika udongo na kutoa fito.