Mtihani wa Maswali 180 Wakati wa Sikukuu

Baina ya Uingereza na Ireland kiko kisiwa kidogo kiitwacho Isle of Man, na katika kisiwa hicho, karibu na mji wa Castletown, ipo shule iliyofunguliwa mwaka 1833, jina lake King William's College. Shule hiyo yajulikana mbali kwa jambo moja lisilo la kawaida. Tangu mwaka 1905, kila Krismasi inapokaribia, hutoa mtihani wa maarifa ya jumla ambao karibu kila aujaribuye hushindwa.

Zamani wanafunzi wote walilazimishwa kuufanya. Siku moja kabla ya shule kufungwa waliketishwa bila kitabu, wakapewa karatasi. Aghalabu mvulana alitoka na majibu mawili tu yaliyo sahihi, wala hakuna aliyemcheka, kwa kuwa jirani yake naye alipata mawili. Kisha maswali yale yale alikwenda nayo nyumbani, na likizo nzima ikawa ya kutafuta. Baba, mama na shangazi, kila aliyeweza kusoma, waliinamia ramani na vitabu vikubwa vya maarifa. Shule ilipofunguliwa tena katika mwaka mpya, mtihani ulifanywa mara ya pili, na hapo ndipo ilipoonekana nani alitafuta na nani alilala.

Juu ya karatasi huandikwa maneno ya Kilatini, ambayo maana yake ni kwamba sehemu iliyo kubwa ya elimu ni kujua mahali pa kukipata kitu. Mtu aliyezoea mitihani ya kukariri huenda akadhani kuwa huo ni udanganyifu ulioruhusiwa. Sivyo. Katika mtihani wa kukariri mtoto huulizwa aliyofundishwa. Katika huu huulizwa ambayo hakufundishwa na mtu yeyote, na mwalimu wake pia huenda hayajui.

Maswali yamegawanywa mafungu 18, kila fungu maswali 10. La kwanza huhusu mambo yaliyotokea miaka 100 iliyopita, na la mwisho mambo ya mwaka unaokwisha. Katika mafungu ya katikati kuna siri: majibu yote ya fungu moja huunganishwa na jambo moja, nalo halitajwi. Huu ni mfano wa kuonyesha tu, haukutoka katika karatasi ya shule. Ni mfalme gani wa Uingereza aliyekamatwa mwaka 1192 akirudi kutoka Vita vya Msalaba? Ni nchi gani ambayo mji wake mkuu ni Freetown? Ni nini kilichosimamisha kazi ya daraja la reli pale Tsavo mwaka 1898? Karani wa Voi angelijibu la tatu kabla ya kumaliza kulisoma: ni simba. Basi mlango umefunguka. Mfalme ni Richard, aliyeitwa Moyo wa Simba, na nchi ni Sierra Leone, jina lililotokana na maneno ya Kireno yenye maana ya milima ya simba. Maswali ya kisiwani hayana huruma kama hiyo. Mara nyingi huwa ni mstari mmoja tu wenye dalili iliyofichwa ndani ya dalili nyingine.

Mwaka 1951 gazeti la Manchester Guardian, ambalo tangu mwaka 1959 laitwa The Guardian, lilianza kuyachapa maswali hayo, na watu wasioijua kabisa shule hiyo wakaanza kuyahangaikia. Mwaka 1999 shule iliacha kuwalazimisha wanafunzi. Sasa ajaribuye hujaribu kwa hiari. Intaneti nayo imeingia, na wako waliodhani kuwa mchezo umekwisha. Lakini mashine hutaka kwanza kuambiwa itafute nini, na hilo ndilo mtungaji alilolificha.

Majibu hutolewa mwaka mpya ukiisha kuanza. Hata siku hiyo ifike, karatasi hukaa mezani kati ya vikombe vya chai, nafasi zilizo tupu zikiwa nyingi kuliko zilizoandikwa, na kila mgeni aingiaye huulizwa swali moja kabla hajapewa kiti.