Tuzo za Amref: Ni heshima ya ndege au ya anayebaki kijijini?

OKTOBA 2018, katika mji wa Oviedo nchini Uhispania, Shirika la Amref Health Africa lilikabidhiwa Tuzo ya Binti Mfalme wa Asturias ya ushirikiano wa kimataifa. Haikuwa mara ya kwanza kwa shirika hilo lenye makao yake makuu jijini Nairobi kuheshimiwa ng'ambo. Mnamo 1999 lilipata Tuzo ya Hilton ya huduma kwa binadamu, na mwaka 2005 likatunukiwa Tuzo ya Gates ya afya duniani. Kila moja ya hizo mbili iliandamana na kitita cha dola milioni moja.

Kwa Wakenya wengi, jina la Amref huleta picha moja tu akilini: ndege ndogo inayotua penye vumbi, daktari akishuka na mkoba, mgonjwa akipakiwa na kukimbizwa hadi uwanja wa Wilson. Picha hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, haitoshi kueleza ni kwa nini shirika lililoanza na madaktari watatu limeendelea kupewa heshima zaidi ya miaka 60 baadaye.

Madaktari hao walikuwa Michael Wood, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi humu nchini tangu miaka ya 1940. Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand aliyepata sifa kwa kuwatibu marubani wa Uingereza walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Na Thomas Rees, Mmarekani kutoka New York. Wote watatu walikuwa mabingwa wa upasuaji wa kurekebisha viungo vilivyoharibika. Mnamo 1956, wakiwa chini ya Mlima Kilimanjaro, walijadiliana jinsi ya kuwafikia watu wa mashambani ambao hospitali hazikuwafikia. Mwaka uliofuata shirika likazaliwa.

Hali ilivyokuwa wakati huo, kwa mujibu wa historia ambayo shirika lenyewe hueleza, Afrika Mashariki ilikuwa na daktari mmoja kwa kila watu 30,000. Barabara zilikuwa chache na mvua iliponyesha hata hizo chache hazikupitika. Ndege ndiyo iliyokuwa jawabu la haraka, na mapema miaka ya 1960 ikaongezwa redio za kupokezana ujumbe. Muuguzi wa misheni iliyojitenga aliweza kumweleza daktari aliyeko Nairobi dalili za mgonjwa, akaelekezwa la kufanya au akaambiwa atayarishe uwanja ndege itue.

Miongoni mwa waliovuma enzi hizo ni Anne Spoerry, daktari Mfaransa aliyejifunza kuendesha ndege akiwa katika miaka ya arubaini. Kwa zaidi ya miongo mitatu alizuru Lamu, Marsabit na pande za Ziwa Turkana akitibu na kuchanja watoto, wenyeji wakimwita Mama Daktari. Alifariki mwaka 1999. Mwaka uo huo wa 2018 Amref ilipotuzwa Oviedo, mwandishi John Heminway alichapisha kitabu kinachoeleza sura nyingine ya maisha yake: kwamba alipokuwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Ravensbrück alihusishwa na mateso ya wafungwa wenzake. Wapo waliosema maisha yake ya Kenya yalikuwa kitubio. Wengine waliona hakuna idadi ya chanjo inayoweza kufuta hayo. Pengine ni heri kwamba tuzo zilizotajwa hapa zilipewa taasisi, si mtu mmoja.

Turudi kwenye ndege. Udhaifu wake ni kwamba jioni hurudi Wilson.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Turkana, mojawapo ya sehemu zilizowahi kuwa na visa vingi zaidi duniani vya ugonjwa wa haidatidi. Ugonjwa huu huletwa na tegu mdogo anayeishi katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa na kumfikia binadamu kupitia mikono, chakula au maji. Ndani ya mwili, hasa kwenye ini, huota uvimbe uliojaa maji ambao hukua polepole kwa miaka mingi hadi tumbo kufura. Mbwa naye huambukizwa anapotupiwa matumbo ya mbuzi au kondoo mwenye uvimbe kama huo.

Madaktari wa Amref walisafiri huko kupasua na kuondoa uvimbe, na wengi walipona. Lakini mgonjwa aliyepona alirejea katika manyatta ile ile, ambako mbwa hulala karibu na watoto na maji ya kunawa mikono ni adimu. Hivyo katika miaka ya 1980 shirika lilishiriki katika mpango mpana zaidi: kuwapa mbwa dawa za minyoo, kuwahimiza wafugaji wasiwatupie mbwa matumbo ya mifugo waliochinjwa, na kuwasaka wagonjwa mapema. Kazi hiyo haikuhitaji daktari bingwa. Ilihitaji mtu anayejua lugha ya wenyeji na anayejua ni boma lipi lina mbwa wangapi.

Mwelekeo huo ulikuwa umeanza kujitokeza kwingineko. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Amref ilianza mradi wa afya Kibwezi, katika Ukambani, ambako wanavijiji walifunzwa kutibu maradhi madogo, kuhimiza usafi na kutambua mapema mgonjwa anayefaa kupelekwa hospitalini. Leo jambo hilo linaonekana la kawaida. Wakati huo wapo waliouliza ni vipi mtu asiyevaa koti jeupe angeaminiwa na maisha ya watoto.

Baadaye zamu ikawa ya wauguzi. Maelfu ya wauguzi wa Kenya walikuwa na cheti pekee, na kuwarejesha wote darasani wapate diploma kungechukua miongo mingi na kuziacha zahanati bila wahudumu. Kuanzia 2005, Amref ikishirikiana na Baraza la Wauguzi ilianzisha masomo kupitia kompyuta, lengo likiwa kuwafikia wauguzi wapatao 22,000. Muuguzi alisoma huku akiendelea kuwahudumia wagonjwa wake.

Huduma ya ndege haikuachwa. Sasa ni kampuni inayomilikiwa na Amref, ambayo hutoza ada kampuni za bima na wasafiri wanaohitaji kuokolewa, na mapato hayo husaidia kazi za hisani. Mpango huo una busara, kwani wafadhili hawatabiriki. Hilo lilidhihirika Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, hatua iliyotikisa mashirika mengi ya afya barani.

Kenya nayo imelichukua wazo la Kibwezi na kulifanya sera ya taifa. Mkakati wa afya ya jamii ulizinduliwa 2006, na Septemba 2023 Rais William Ruto akakabidhi vifaa kwa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii. Kila mmoja hupangiwa takriban kaya 100 za kutembelea, akiwa na kipima shinikizo la damu na mashine ya kupima sukari.

Posho iliyoahidiwa ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Katika kaunti kadhaa, wahudumu hao wamelalamika kwamba posho hiyo huchelewa.