Kwa nini narudi darasani ilhali tayari ni daktari

Tangu niseme nyumbani kwamba naomba nafasi ya kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani, naulizwa swali moja tu. Ami yangu alilitoa waziwazi tukiwa barazani: "Miaka yote ile Khartoum, ukaja ukafanya mtihani, ukafanya mwaka mzima hospitalini, na bado wasoma? Si uende Ghuba ukafanye kazi? Na kama ni kusoma, mbona usisomee upasuaji, kazi ya kuonekana?"

Ami ana haki ya kuuliza, na najua hayuko peke yake. Acha nimjibu hapa.

Mkenya aliyesomea udaktari nje haanzi kutibu siku ile anaposhuka kwenye ndege. Kwanza hufanya mtihani wa baraza la madaktari, KMPDC. Akipita, hupelekwa hospitalini kwa mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi, akizunguka wodi kuu: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na kina mama wajawazito. Baada ya hapo ndipo hupewa leseni. Ubingwa ni safari nyingine ya miaka mitatu hadi minne, mchana kwenye wodi na kliniki, na usiku wa zamu ukiwa nao. Marekani madaktari walio kwenye mafunzo haya huitwa "wakaazi", kwa kuwa hapo zamani, katika hospitali kama Johns Hopkins iliyofunguliwa mwaka 1889, walikuwa wakilala mle mle hospitalini.

Wengi wakisikia "magonjwa ya ndani" hudhani ni tumbo. Kumbe ni moyo, mapafu, figo, ini, damu, homoni, mishipa ya fahamu na maambukizi, kwa mtu mzima. Jina lenyewe lilipata nguvu Ujerumani, ambako madaktari wa fani hii walifanya kongamano lao la kwanza mjini Wiesbaden mwaka 1882. Daktari wa upasuaji ana kisu chake. Huyu wa magonjwa ya ndani ana maswali, vipimo na dawa, na kazi yake hasa ni yule mgonjwa mwenye maradhi matatu au manne kwa pamoja.

Mimi nilikuwa naelekea kwenye upasuaji. Kilichonigeuza ni alasiri moja ya Ramadhani, nikiwa kwenye mwaka wangu wa mafunzo.

Aliletwa mama mmoja wa makamo, hajitambui, jasho linamtiririka. Mtoto wake mmoja alisema ni kiharusi, mwingine akasema amepandisha. Nilimpima sukari: 1.7. Tukamtia glukosi kwenye mshipa na baada ya dakika chache alifumbua macho akauliza yuko wapi. Watu wake walilia kwa furaha. Magharibi ilikuwa karibu, wakaomba wamchukue nyumbani akafuturu na wajukuu. Nami, Mungu anisamehe, nilishaanza kuandika karatasi za kumruhusu.

Hospitali ile ilikuwa na bingwa mmoja tu wa magonjwa ya ndani. Alipita, akatazama karatasi, akaniuliza: "Figo zake zikoje?" Sikuwa na jibu. "Na dawa zake ziko wapi?" Mwanawe akatoa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na dawa za presha, za maumivu ya magoti, na pakiti mbili za vidonge vya sukari zenye majina tofauti. Moja alipewa kliniki, nyingine alinunua duka la dawa. Bingwa akanionyesha maandishi madogo chini ya majina yale: zote mbili ni glibenklamidi. Mama alikuwa akimeza dawa ile ile mara mbili wakati wa daku, kisha anafunga siku nzima.

Dawa hiyo huilazimisha kongosho itoe insulini hata kama mtu hajala. Figo ndizo husaidia kuitoa mwilini. Figo zikichoka, dawa hubaki, na sukari hushuka tena hata baada ya mgonjwa kuamka. Vipimo vikarudi: figo zake zilikuwa zimechoka kweli, na vile vidonge vya magoti havikuwa vikizisaidia. Saa mbili baadaye sukari ikashuka tena. Tulimpima kila saa, glukosi ikiingia, hadi asubuhi. Lau angekwenda nyumbani, angelala baada ya tarawehe na huenda asingeamka.

Mama yule aliishi. Alibadilishiwa dawa, na nilipomaliza mwaka wangu alikuwa bado akija kliniki.

Usiku ule nilimkumbuka mwalimu wetu mmoja wa Kisudani. Hakuturuhusu kugusa kifua cha mgonjwa kabla ya kukaa chini, kumsikiliza, na kutazama mikono yake: kucha, weupe wa viganja, mtetemeko. Tulimwona anatupotezea wakati. Kumbe alitufundisha kumtazama mtu mzima badala ya kiungo kimoja. Mimi nilikuwa nimetibu namba, 1.7, nikamsahau mwenye namba.

Ami, hilo ndilo jibu langu. Angalia nyumba zetu hapa pwani: yule ana presha, yule ana sukari, mwingine anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Kila mmoja ana mfuko wake wa dawa, na kila kliniki huongeza pakiti bila kuuliza zilizomo. Nataka niwe mtu anayejua kuufungua mfuko ule na kujua cha kutoa. Kwa leseni niliyo nayo leo, sijui vya kutosha.

Wakati nikisubiri nafasi, nawaomba mambo matatu. Mkienda hospitali, bebeni dawa zote mnazotumia, hata za dukani na za miti shamba. Mwenye sukari au presha aulize figo zake zilipimwa lini mara ya mwisho. Na mwenye sukari anayetaka kufunga amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, maana dozi na saa za dawa huenda zikabadilishwa. Akiwa amefunga akaanza kutetemeka, kutoka jasho au kuchanganyikiwa, apimwe. Kupima hakufunguzi. Ikiwa chini ya 3.9, afungue papo hapo ale kitu kitamu, kisha aende hospitali. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa.

Ghuba haihami, Ami. Nikimaliza, tutazungumza.