Kopo la maziwa ya mtoto kwa bei chee: mzigo unatoka wapi?



Kuna swali washkaji wananiuliza sana. Eti mtu ana jamaa yake ughaibuni, kule maduka yakishusha bei ya maziwa ya unga ya vichanga, kwa nini wasichange hela, waletewe katoni kadhaa wauze hapa Dodoma, Majengo na Sabasaba? Wengine wameshayaona makopo hayo, maandishi ya Kijerumani au Kichina, bei chini ya famasi. Dili au siyo dili? Ngoja niwape stori yenyewe.

Biashara ya kununua makopo haya nchi moja na kuyauza nyingine ilipamba moto baada ya 2008. Mwaka huo China, maziwa ya kampuni ya Sanlu na nyingine yalikutwa na melamini. Ndiyo, melamini ile ile ya zile sahani ngumu za kwenye kabati la mama. Iliingiaje? Wajanja walikuwa wanaongeza maji kwenye maziwa mabichi ili yawe mengi. Protini ilikuwa inapimwa kwa kuangalia naitrojeni, na melamini ina naitrojeni kibao, basi ukiitia humo hata maziwa ya maji maji yanafaulu kipimo. Watoto wakapata mawe kwenye figo. Sita walikufa, karibu 300,000 wakaugua. Watu wawili walihukumiwa kifo na hukumu ikatekelezwa Novemba 2009. Tanzania nayo ilikuwa kati ya nchi zilizopiga marufuku maziwa ya China wakati ule.

Wazazi wa kule wakapoteza imani na makopo ya nyumbani. Wakayafuata Hong Kong, Australia, New Zealand, Ujerumani. Wanafunzi na watalii wakageuka wachuuzi, wanazoa rafu nzima ya supamaketi. Hong Kong ikafika mahali wazazi wenyeji wanakosa, hadi Machi 2013 serikali ikakataza mtu kutoka na zaidi ya kilo 1.8, yaani makopo mawili. Faini hadi dola 500,000 za Hong Kong na jela hadi miaka miwili! Sisi tumezoea magendo ya sukari, wenzetu ni maziwa ya mtoto. Mwaka huo huo supamaketi za Uingereza nazo zikaweka kikomo cha makopo mawili kwa mteja.

Sasa angalia hapo. Yule mzazi wa China alilipa zaidi ili apate uhakika. Mzigo wa kwenye begi unaokuja kwetu una bei ndogo kwa sababu hauna huo uhakika.

Tuje kwenye punguzo lenyewe. Kanuni ya kimataifa ya 1981 inakataza kuyatangaza maziwa haya kwa wananchi, kugawa sampuli kwa kina mama, na kuyauza kwa kuponi au ofa. Sisi nasi tuna kanuni zetu, za 1994 na za 2013. Kwa hiyo kopo la kichanga likiwa na ofa, jiulize kwa nini. Sababu moja ni tarehe kukaribia. Piga hesabu: limebaki na miezi mitatu, lipande meli, likae bandarini Dar, lije na basi mpaka hapa. Bibi mmoja mtaani kwetu analea mjukuu aliyefiwa na mama yake, ananunua kopo moja moja kwa shida. Huyo ndiye mteja wenu, siyo mtu wa magari.

Na kuna jambo la kijiko ambalo wengi hawalijui. Kuna kopo kijiko kimoja ni cha mililita 30 za maji, jingine 50, jingine 60. Kama maelekezo ni Kichina, bibi atakisia. Akizidisha maji mtoto anashiba tumbo huku anakonda, akizidisha unga figo zinaelemewa. Halafu maji yetu: vijijini huku visima vingi vina chumvi, na kuchemsha hakuondoi chumvi. Unga wenyewe hauna uhakika wa kukosa vijidudu, ndiyo maana WHO wanasema uchanganywe na maji yaliyochemka, yakiwa hayajapoa chini ya nyuzi 70, kisha ndio yapozwe kabla ya kumpa mtoto.

Anayetaka kufanya biashara hii kihalali aende TBS, ofisi ya kanda ya kati iko hapa hapa. Tangu 2019 mambo ya chakula yaliyokuwa TFDA yako kwao. Mnunuzi angalia tarehe kama imekwanguliwa, na ukiuziwa unga wa kupima kwenye mfuko, achana nao, hapo huna tarehe wala kijiko.

Mdau uliyeko Ujerumani au Guangzhou, makopo yakishushwa bei huko huwa yamebakiza miezi mingapi? Tujuze.