Je, Wajua? Ua la Tanga Lililochorwa Bila Msitu Wake

Je, wajua kuwa mojawapo ya maua ya dirishani yanayopendwa sana Ulaya na Marekani lilitoka misitu ya Tanga? Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilikuta likiota kivulini, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea, akalipa jina la familia hiyo: Saintpaulia ionantha.

Mwaka 1895 Matilda Smith alilichora kwa jarida la Curtis's Botanical Magazine la Uingereza. Mchoro unapendeza: petali za zambarau, chavua ya manjano katikati, majani yenye vinyweleo. Lakini pembeni ni weupe wa karatasi tu. Hakuna mwamba wenye unyevu, hakuna mti, hakuna ukungu wa milima ya Usambara ya huko Tanga. Sayansi ilitaka hivyo. Hata hivyo huzuni ya mchoro huo hainitoki, maana porini ua hili huishi kwa kivuli. Miti ikikatwa, jua hulikausha palepale mwambani.

Ukitaka kuliona kwao, nenda Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Muheza.